Msemaji wa Meza kwa Maman Ketevan

Jumatatu, 12 Mei 2014

Kikao cha familia huko Ganshoren. Hadassa, binti wa dada yangu mkubwa, yaya Marie-Jeanne, anaolewa Agosti. Atakayeshika maikrofoni bado hajachaguliwa. Wagombea ni wawili: mimi, mjomba wa bibi harusi, na Tshibangu wa Molenbeek, ambaye sifa yake ni moja tu, ana maikrofoni yake mwenyewe. Miaka tisa niko Brussels, na kila harusi wananiweka mlangoni kupokea makoti. Agosti ni joto, hakuna hata makoti! Nimechoka. Naitaka maikrofoni.

Mpango umenijia nikishuka ngazi. Chini ya nyumba yangu, hapa Saint-Gilles, kuna mgahawa wa Wageorgia. Mwenyewe, Maman Ketevan, aliwahi kunieleza desturi yao: mezani kuna msemaji mmoja, tamada. Hakuna anayegusa glasi kabla yeye hajasema. Basi nimwalike yaya chakula cha mchana, anione kwenye kiti hicho. Mengine atayaona mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Maman Ketevan amekubali niwe tamada Jumapili. Akauliza kama nina nguvu. Nikamjibu natoka Lubumbashi. Akacheka sana. Sikuuliza kwa nini. Mtu wa hadhi haulizi-ulizi.

Alitaka pia kunifundisha kula khinkali, vile vifuko vyao vya unga vyenye nyama, vinavyoliwa kwa mkono. Nikakataa kwa heshima. Mtu aliyekulia bukari, ugali wetu, afundishwe kutumia mkono?

Hotuba kumi na moja tayari.

Ijumaa, 16 Mei

Pigo. Yaya kasema kwenye simu kwamba anakuja na Tshibangu, maana chakula ni chakula. Nikasema karibuni sana. Nilipokata simu nikapiga kabati teke. Kidole kimevimba. Lakini nimefikiri: acha aje, ashuhudie.

Jumapili, 18 Mei

Tulitoka misa moja kwa moja. Yaya, Hadassa, Tshibangu. Yaya kavaa kikwembe, kitenge cha kwetu, kipya kabisa. Mimi kichwani mwa meza. Raha iliyoje!

Khinkali zikaja zinafuka moshi. Nikaamuru uma ziwekwe chini, watazame mkono wangu. Nikafanya kama kwenye bukari: nikaweka moja kiganjani, nikabonyeza kwa kidole gumba nipate shimo la kuchotea mchuzi. Kumbe mchuzi umo ndani. Uliruka wote, ukatua kifuani pa yaya.

“Jérôme,” yaya akasema polepole, “hii kikwembe ni ya mupya.”

Tshibangu alishika yake kwa kile kifundo cha juu, akaing'ata kidogo pembeni, akafyonza. Hakudondosha hata tone. Eti anafanya kazi na Wageorgia ghalani, na siku zote hizo amenyamaza tu. Mnafiki.

Nikakimbilia hotuba. Hapo ndipo nilipoelewa lile swali la nguvu. Wengine wanaonja, tamada anamaliza glasi nzima ya divai, kila hotuba. Ya kwanza, amani. Ya pili, wazazi. Ya tatu, waliotutangulia, na yaya akafuta machozi, kikwembe ameshasahau. Wageorgia wa meza ya pili wakatuimbia, Hadassa akawajibu kwa vigelegele, Maman Ketevan akatoka jikoni na aproni yake kucheza na yaya. Nilikuwa na furaha mpaka nikampenda kila mtu. Hotuba ya saba nikamsifu Tshibangu. Nikasema sauti ile ni zawadi ya Mungu. Nikasema harusi isiyokuwa na Tshibangu ni mkutano wa wapangaji. Nikamkumbatia. Walipiga makofi mgahawa mzima, na kwa kweli ndiyo ilikuwa hotuba yangu bora.

Jumatatu, 19 Mei

Kichwa! Yaya amepiga simu. Ameamua: Tshibangu. Eti kama mjomba mwenyewe amemtetea hivyo mbele ya watu, yeye ni nani akatae? Akasema hajacheka vile tangu tuondoke nyumbani. Nikamuuliza mimi nitafanya nini Agosti. Akasema mvua ya Brussels haina mwezi, nitapokea miavuli.

Nimelia kidogo. Halafu nimekula khinkali zilizobaki, kwa uma.

Jumanne, 20 Mei

Nimeamka mtu mpya. Hadassa akiolewa Agosti, Mungu akipenda mwakani kuna ubatizo. Na ubatizo nao unataka msemaji!

Karibu na mfereji wamefungua mgahawa wa Wakorea. Kule mgeni anajichomea nyama mwenyewe, moto uko katikati ya meza. Nimeshaweka nafasi ya watu wanne, mimi mbele ya moto. Mwenye mgahawa alitaka kunionyesha namna ya kuuwasha. Nikamwambia asijisumbue, sisi wa Lubumbashi tumekulia kwenye makala, yaani makaa.

Yaya amekubali kuja. Nimemwomba avae kile kikwembe.