Mijusi wa Reli ya Oberwehlen

Jumatatu, 6 Mei

Itangazwe kwa walio hai na watakaozaliwa: leo, mbele ya wanachama wote saba na mbwa mmoja, Chama cha Kuleta Tramu Oberwehlen kimezindua muhuri wake. Una picha ya tramu. Edelbert mwokaji mikate, makamu wangu, amesema inafanana na jiko lake. Nikamjibu kila mtu huona anachokijua.

Sasa mambo mazito. Jumanne ya wiki ijayo baraza la mji linaamua hatima ya reli yetu, iliyolala kwenye magugu tangu treni ya mwisho ipite. Ama ifufuliwe, tramu za jiji la Karlsruhe zije hadi huku: gari lile lile linalokatiza katikati ya maduka, likifika nje ya jiji linaingia reli kubwa na kukimbia kama treni, abiria hata hajainua kitako. Ama reli ing'olewe, iwe njia ya baiskeli. Baiskeli! Wazo la diwani Gerhold Zapf, ambaye ana duka la baiskeli. Ajabu iliyoje.

Nimempigia Annegret huko Karlsruhe, aliyekuwa mwenzangu wa kila Jumapili. Tangu basi la Jumapili lifutwe tunaonana kwa kubahatisha. Yeye hajui kuendesha. Mimi gari langu nililiuza mbele ya ofisi ya meya, kwa hotuba, kuonyesha imani yangu katika reli. Nilipigiwa makofi. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, mvua inanyesha.

Amesema dada yake kule Bremen, mbali kaskazini, ana nyumba iliyo wazi na anamwita. Atasubiri baraza. Tramu ikija, atabaki. Isipokuja, atahama. Amechoka, akasema, kupendwa kwa simu.

Kupendwa! Miaka yote hii hajawahi kulitamka neno hilo. Nikamweleza kuhusu muhuri.

Alhamisi, 9 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Wanaume wote, kama ilivyo desturi, wamevuta mikokoteni ya bia kwenda porini. Chama kimevuta wa kwake juu ya reli yetu, kwa msimamo.

Njiani tukakutana na Gerhold. Mkokoteni wake umefungwa nyuma ya baiskeli, bila shaka, kama tusi. Akashuka. Akasema, ‘Ottmar wee, ngoja kidogo, nina neno nawe kuhusu Jumanne.’ Nikamwambia sizungumzi na upande wa pili kabla ya kura. Akasema upande gani tena, mimi na wewe tulikaa dawati moja shuleni. Nikasema ndiyo maana namjua. Akacheka, akaniwekea chupa ya bia juu ya reli, akaenda zake.

Sikuigusa. Edelbert aliinywa.

Hapo ndipo nilipomwona. Mjusi! Ubavu wa kijani, kajinyoosha juu ya chuma chenye joto, ananitazama kama karani. Kisha wa pili. Kisha ukoo mzima.

Wazo likanipiga hadi nikakaa chini. Nchi hii unaweza kuhamisha kanisa, kijiji, hata makaburi. Mjusi humhamishi! Sheria inamlinda. Penye mjusi hakuna atakayemwaga lami. Kwaheri njia ya baiskeli!

Nimeshindwa kula chakula cha jioni kwa furaha. Asparaga zimepoa.

Ijumaa, 10 Mei

Siku iliyobanwa kati ya sikukuu na wikendi. Ofisi zote tupu, hilo kila mtu analijua. Nikapiga simu ofisi ya mazingira ya wilaya ili tu niache ujumbe. Ikapokewa! Bi Mutschler, mgeni kazini, hajui bado kwamba Ijumaa kama hii watu hawaji. Mchana alishafika na buti zake za mpira, akalala kifudifudi kwenye kokoto. Alipoinuka macho yalikuwa na machozi. Akasema hajapata kuona mijusi wengi namna hii wakikaa kwa amani.

Akauliza kama nataka jina langu litajwe. Nikamtajia herufi moja moja.

Jumanne, 14 Mei

Ukumbi umejaa. Nimevaa tai.

Gerhold kasimama wa kwanza. Nikajiandaa kuzomea. Akasema amelitafakari jambo hili majira yote ya baridi. Tramu inabeba baiskeli. Mtu anakwenda kwa pedali, anarudi ameketi. Duka lake halitakufa. Kwa hiyo anaondoa hoja yake na anaunga mkono reli. Akainua mkono. Mikono yote ikamfuata. Yote! Edelbert akanikumbatia, nikanusa unga. Nikamwona akilini Annegret akishuka kituoni kwetu na koti lake la bluu.

Kisha meya akaomba utulivu, akavaa miwani. Ofisi ya mazingira imefunga reli kwa kazi yoyote ile. Mijusi watahesabiwa majira mawili ya joto. Baadaye watajengewa makao mapya ya mawe. Baadaye tena wataangaliwa kama wameyapenda. Na fungu la jimbo la kufufua reli, akakumbusha, linakwisha mwaka huu.

Mtu wa nyuma akauliza ni mpumbavu gani aliyewaita watu wa mazingira. Meya akasema jina limeandikwa hapa, na limeandikwa vizuri sana.

Nilitegemea Gerhold angefoka. Alinijia taratibu mlangoni, akasema, ‘Hilo ndilo neno nililokuwa nalo siku ile ya mikokoteni, bwana mwenyekiti.’ Basi. Heri angefoka.

Jumatano, 15 Mei

Nimempigia Bi Mutschler kuwafuta mijusi. Nimesema macho yangu si ya kuaminika, huenda walikuwa minyoo. Akacheka sana. ‘Minyoo yenye miguu, Bwana Wendling? Acha unyenyekevu!’ Ananiletea mpiga picha.

Ijumaa, 17 Mei

Gazeti limetoka. Mimi, ukurasa mzima wa mji, mjusi kiganjani. Lazima nikiri nimetoka vizuri.

Annegret kapiga simu. Amenunua gazeti kituoni. Nilitayarisha utetezi wa sehemu tatu, hakuutaka. Alisema kwa upole kabisa, ‘Ungeweza kuja kwa baiskeli, Ottmar. Kilomita kumi na mbili, tambarare tupu. Gerhold angekuazima.’

Nikamwambia mwenyekiti wa chama cha tramu hawezi kuonekana juu ya baiskeli.

Nilisikia saa yake ya ukutani. Kisha akasema anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, treni ya saa nne na nusu asubuhi, na kwamba angefurahi nikija kumuaga.

Jumamosi, 25 Mei

Gerhold, ambaye sikumwomba, kaja na gari lake la mizigo kunipeleka Karlsruhe. Kapiga honi mara mbili. Nilikwisha kuvaa. Nilikuwa hata na maua.

Lakini! Nikitazama dirishani nimeona mbayuwayu wanajenga kiota ndani ya kibanda cha kituo cha basi. Kampuni ya mabasi inataka kukivunja kibanda hicho. Na mbayuwayu nao wanalindwa! Kibanda kikilindwa, kituo kinabaki. Kituo kikibaki, basi la Jumapili litarudi. Basi likirudi, Annegret hana sababu ya kukaa Bremen. Ni wazi kama maji. Ilibidi nimpigie Bi Mutschler papo hapo, amenipa namba yake ya nyumbani.

Gerhold akapiga honi tena. Nikamwonyesha kidole dirishani: dakika moja. Akapaza sauti kwamba treni haimsubiri mtu. Nikamwambia atulie, treni za kaskazini hazijaondoka kwa wakati tangu tukiwa vijana.

Bi Mutschler amefurahi kupita kiasi. Anakuja Jumatatu kuzungushia kibanda uzio. Hakuna mtu atakayeruhusiwa kukikaribia. Ushindi!

Nilipotoka na maua, Gerhold alikwisha kuondoka. Baadaye akanitumia ujumbe kutoka stesheni:

‘Leo imeondoka kwa wakati.’