Mlinzi Uliyemfukuza Hajaondoka

Kwako Mjomba, fundi wa kompyuta wa familia,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana nashindwa. Ukianza tu kucheka, maneno yananiishia.

Jumapili uliiondoa programu ya zamani ya kukinga virusi kwenye kompyuta yetu, ukamhakikishia mama kwamba haikuacha hata unyoya. Kwa heshima zote, imeacha rundo la mafaili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mafaili hayo hayafutiki. Nikijaribu, naambiwa sina ruhusa. Mjomba, nimezaliwa katika nyumba hii. Ruhusa ninyimwe na nani?

2. Programu mpya uliyotuachia kwenye flashi yako inazuiwa mlangoni. Ofisini kwa Mama Mdogo iliingia mara moja bila ubishi. Hapa kwetu, aliyeachishwa kazi anamfukuza aliyeajiriwa, tena mshahara hadai. Mama alimsifia hapo kwenye mshahara, akakutaja na wewe, lakini sikusikiliza vizuri.

3. Nilichomeka flashi hiyo nibebe hadithi yangu ya jarida la shule, hadithi ikakamatwa na kutiwa karantini, kifungo cha mafaili yanayoshukiwa. Mwalimu anaitaka Ijumaa, na ndiyo mara ya kwanza kunichagua. Ni kisa cha msichana mpole anayependa vitabu. Hatari yake siioni. Kaka anasema hata kompyuta imechoka kuisoma.

4. Kama marehemu ana mamlaka kiasi hiki, kesho atapekua mkoba wangu, na mwishowe mama ataomba kibali chake kabla ya kuwasha jiko.

Kwa hiyo naomba uje kabla ya Ijumaa uyafukue masalia yote. Ikibidi, yaandikie barua ya kuachishwa kazi, yenye mhuri, maana inaonekana ya kwanza hayakuipata.

Mama anakusalimu, kaka naye pia, japo alikuwa anacheka. Nisalimie wote wa nyumbani kwako.

Mimi mpwa wako mtiifu, ninayelalamika kwa adabu,
Yule wa Vitabu

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii, Mama Mdogo amepiga simu. Tangu programu ya flashi yako iingie, ofisini kwake hakuna faili linalofunguka, na anakutafuta. Nikakimbia kuichomoa flashi yako hapa. Papo hapo karantini ikaiachia hadithi yangu, nzima, hata koma haijahama. Naondoa malalamiko yote. Karibu sana, Mjomba, ila flashi iache kwako, na ukifika umwombe radhi mlinzi.