Kasha Tupu na Kompyuta ya Mfukoni

Jumatatu, 4 Machi
Kazi yangu iko hatarini. Miaka yote napokea simu ofisi ya vifurushi: mteja anauliza mzigo wake umefika wapi, Karani ananisomea faili, mimi namjibu mteja kwa sauti yangu nzuri. Leo Bosi katangaza mafaili basi, kila kitu kimo kwenye kompyuta. Alhamisi anataka kuona nani anaweza kupokea simu na kutafuta mzigo papo hapo. Karani akasema, kwa huruma ya kujifanya, kwamba kwa mtu asiyeona itakuwa taabu, na yeye yuko radhi kukalia kiti changu. Yuko radhi, eti. Mto wa kile kiti naukuta una joto kila nikitoka chooni.

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa Dada.

Jumanne, 5 Machi
Dada yangu mkubwa haoni, kama mimi, lakini kichwa alichukua yeye. Kanipa kompyuta. Nikaipapasa, nikauliza sehemu yake nyingine iko wapi. Akasema ndiyo hiyo hiyo. Ukubwa wa kipande cha sabuni kilichokwisha tumika nusu! Bei yake, anasema, haifiki ya viatu vyangu. Kachomeka kibodi ya mtumba, betri ya akiba ya simu na kisikizi cha sikio moja, ili sikio la pili libaki kwa wateja. Kila waya kaupiga fundo: moja la umeme, mawili ya kibodi. Skrini hakuna. Nikamuuliza skrini. Akaniuliza ya kumwonyesha nani.

Halafu sauti ya kompyuta ikaanza kunisomea sikioni, na mimi mtu mzima nikalengwalengwa na machozi. Nimeingia kwenye orodha ya ofisi kwa intaneti ya simu, nimetafuta mzigo mwenyewe, nikaupata mwenyewe, sikumwomba mtu. Dada yeye anaisikiliza kwa kasi ya mvua juu ya bati na anaelewa kila neno, huku anakatakata vitunguu. Namvulia kofia.

Jumatano, 6 Machi
Usingizi umekatika kwa wazo moja. Wanaoona wanaamini macho. Bosi akiona kipande cha sabuni atacheka, na Karani atarithi mto.

Nimekwenda kwa fundi wa redio wa jirani. Kanipa kasha la kompyuta ya zamani, zito, refu kama mtoto wa darasa la kwanza, pamoja na skrini mbovu. Mpango: kasha juu ya meza, waya wake ukutani, kompyuta yenyewe mfuko wa kushoto wa koti, betri mfuko wa kulia, waya ndani ya mkono wa koti. Dada nilipomwambia akasema mdogo wangu, hicho kitu kinafanya kazi, kwa nini unakionea aibu. Nikamwambia mambo ya maofisini hayajui.

Alhamisi, 7 Machi
Mambo yalianza vizuri mno. Nikasikia Bosi akilizunguka kasha na kuguna kwa heshima. Simu ikalia: mama mmoja anatafuta cherehani yake. Vidole vikakimbia. Nikamwambia iko bohari la pili, aje na kitambulisho. Simu nyingine, dawa za mifugo, nimezipata. Karani kule kwenye skrini yake alikuwa bado anafuta miwani.

Sasa sikia hasidi. Kumbe alichomoa waya wa kasha ukutani. Mimi nitajuaje? Nikaendelea kutafuta, tena kwa madaha. Bosi akauliza, polepole, mashine isiyo na umeme inafanyaje kazi. Nikamjibu imeshapata moto.

Wakalifungua. Ndani mlikuwa na misumari na soksi moja ya fundi.

Sijawahi kuaibika namna ile. Nikatoa kila kitu mfukoni na kukiri yote. Bosi alicheka hadi akaomba maji. Kisha akakishika kile kipande kiganjani, akaniomba nitafute tena. Nikatafuta. Akaniwekea kisikizi sikioni kwa mkono wake mwenyewe na kusema kiti ni changu. Akauliza nani aliyeiunganisha. Nikasema Dada, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuongeza chumvi.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi kaagiza nyingine mbili kama yangu. Dada ataanza Jumatatu kutufundisha, na mwanafunzi wake wa kwanza ni Karani, ambaye leo kaniletea chai na kuniomba radhi. Mto ulikuwa baridi. Nimefurahi kupita kiasi.

Dada kaniapisha: makasha basi. Nimeapa. Alikuwa ameninyooshea kisu cha vitunguu, ningefanyaje.

Ila jioni Bosi kadokeza kwamba wiki ijayo wakubwa wa makao makuu watakuja kuniona nikifanya kazi. Wakubwa, jamani. Siwezi kuwaonyesha kipande cha sabuni. Fundi ana ganda la friji iliyoharibika. Nimemwambia alisafishe na aondoe soksi zake. Anasema taa ya ndani bado inawaka. Afadhali, wanaoona wanapenda taa.