Vyuma Vitano vya Gitaa la Mzee Bartholomayo

Jumatatu, 6 Septemba 1993. Newala.
Gitaa la umeme limefika kutoka Dar! Mzee Bartholomayo, kiongozi wa bendi yetu, kalinunua kwa fedha za korosho alizowauzia wanunuzi binafsi. Jekundu. Ila vile vyuma vinavyokatiza shingo yake ni vinene, tena vimesimama. Nikibonyeza, uzi unazama katikati, sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Kila noti! Silvesta, mpigaji mwenzangu, aligusa tu, kama anamfuta mtoto machozi. Safi kabisa. Mzee akaniuliza kama nimekuja kupiga gitaa au kugonga muhuri. Ijumaa atatusikiliza wote wawili. Mmoja atapiga solo kwenye dansi la Masasi Jumamosi, mwingine atatikisa manyanga. Manyanga! Na ofisini nimeshawaambia wote kuwa solo ni yangu.

Jumanne.
Nimegundua chanzo. Ni kazi yangu. Mwaka mzima najaza fomu nakala nne, na bila kukandamiza kalamu kaboni haifiki chini. Leo niliandika kwa kugusa tu, kuzoeza mkono. Nakala ya nne ikatoka nyeupe. Mama Gift, mkuu wangu, akaiinua dirishani, akauliza kama hii ni barua ya malaika. Basi, mkono haubadiliki. Gitaa libadilike.

Jumatano.
Nimemwomba Mzee gitaa nikalifute vumbi. Uongo. Nikalifunga kwenye gunia, baiskeli hadi Mnyambe kwa Mzee Dastani, mchonga vinyago. Shikamoo, marahaba, nikaeleza nataka vyuma vipunguzwe kimo. Akasema tupa ya kukwangulia chuma anayo, ila vyuma vya gitaa hajawahi kuvigusa. Na kwa nini tusivishushe vyote? Nikakataa. Mimi ni mtu mwangalifu. Wimbo wangu unatumia vitano vya mwanzo, basi vitano tu. Vingine si vyangu. Vimeshuka vizuri, vinang'aa!

Alhamisi.
Balaa. Nikibonyeza penye chuma cha tano, inatoka sauti ya cha sita. Cha nne, hivyo hivyo. Cha sita kimebaki kirefu, kinaudaka kila uzi unaopita juu yake. Cha tatu kinanguruma kama nzi ndani ya kopo. Sijala. Mpango: Silvesta atangulie kupiga, kisha niseme kaliharibu yeye.

Ijumaa.
Nikampisha Silvesta kwa heshima, eti yeye mkubwa. Noti ya kwanza ikanguruma. Yeye akapandisha mkono, akapiga kuanzia chuma cha saba kwenda mbele. Utamu! Mzee alifumba macho. Zamu yangu: noti tano, sauti moja. Silvesta akalichukua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kama mtu anayenunua ubao. Akasema vitano vimepitiwa tupa. Nikasema labda ni mtikisiko, barabara ya Dar mbaya.

"Barabara ina tupa, karani?"

Nikakiri yote. Mzee hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema alfajiri nirudi Mnyambe, vyuma vyote vilivyobaki vishushwe viwe sawa na vile vitano. Na manyanga ni yangu.

Jumapili, 12 Septemba. Masasi.
Jana nilitikisa manyanga nyimbo nne, kichwa chini. Silvesta akaanza kulalamika: vyuma sasa viko chini mno, akiuvuta uzi kidole kinasugua ubao. Akaniachia gitaa wimbo mmoja apumzishe vidole. Nikabonyeza kwa woga wangu wote. Sauti haikupanda, uzi haukuwa tena na pa kuzama! Watu walicheza, hakuna aliyekaa. Mzee akaniita mbele ya bendi nzima, akasema kuanzia sasa solo tutapokezana, mimi na Silvesta. Sharti moja: tupa isiliguse tena gitaa lile. Nikaapa, mkono juu.

Leo baada ya ibada nimelikagua taratibu. Gitaa zuri sana. Vyuma vyote vimelala sawasawa. Ila cha saba, ukikitazama kwa ubavu, kama kimezidi kidogo. Kimoja tu. Nimeshaazima tupa kwa fundi baiskeli.