Ombi la Kuondoa "Hapana" kwenye Kadi za Darasa la Awali

Kwa Mwalimu Ratchanee,

Nakuamkia kwa heshima, viganja vimekutana kifuani. Mimi ni Thongkham, babu yake Khaopun, yule mwenye pengo. Mwaka wa ishirini na sita huu natunza vijiti vya bahati hekaluni. Mtu anatikisa kopo, kijiti chenye namba kinadondoka, nami namsomea karatasi yenye namba hiyo, maana wengi husahau miwani nyumbani, hata wasio nayo.

Nalalamikia kadi zako za maneno ya kila siku.

1. Khaopun amezibandika nyumba nzima. Mtungi umeandikwa "maji", paka ameandikwa "nzuri". Paka huyo ni mwizi.

2. Wiki iliyopita alikuja Bibi Bunma. Mwanawe alikwenda kujenga maghorofa ng'ambo, na miaka mitatu sasa hajaleta habari. Kikadondoka kijiti cha kumi na tisa. Nikamsomea kama siku zote: "Yuko njiani, bibi. Amekawia kidogo tu." Khaopun akachungulia, akaweka kidole kwenye karatasi. "Babu, unakosea! Hapa ni 'kurudi', halafu 'hapana'. Mwalimu kasema tusiruke maneno!" Bibi Bunma akaokota viatu vyake akaondoka bila kuaga. Niliona aibu, Mwalimu, na bado naiona.

3. Sasa watu wananipita, wanampelekea karatasi mtoto wa miaka sita. Naye akifika kwenye "mbaya" anaimba, kama mnavyoimba darasani.

Kwa hiyo naomba "hapana", "mbaya" na "bado" ziondolewe. Mtoto akijua "ndiyo", "nzuri" na "wali" zinamtosha. Hayo mengine atafundishwa na maisha, tena bure. Ikibidi, vitabu vyote vya shule viletwe kwangu kwanza nivikague.

Nisalimie walimu wenzako, mpishi, na mlinzi akiamka.

Wako mtiifu,
Thongkham

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Asubuhi hii Bibi Bunma amerudi, ametikisa kopo, na kijiti kikawa kilekile. Karatasi hakunipa mimi, alimpa Khaopun. Mtoto akaweka kidole kwenye "kurudi", akakisogeza kwenye "hapana", akamtazama bibi usoni. Kisha akasoma: "Yuko njiani, bibi. Amekawia kidogo tu."

Mfundishe maneno yote, Mwalimu. Usimfiche hata moja.