Majibu Yatatoka Jumatano

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Imepitishwa chini ya milango yote minne ya korido yetu, hata kwa fundi viatu, ambaye hasomi kitu kisicho na soli. Lile godauni la zamani la sabuni pale njia panda sasa linaitwa Kituo cha Majaribio cha Pamoja. Mashine ni za wote. Mwenye biashara ndogo anaingia, anaijaribu teknolojia mpya kwa mikono yake, anajua kama inamfaa kabla hajanunua kwa kubahatisha. Biashara ndogo ni ile isiyozidi wafanyakazi watano. Yangu ina mmoja na pasi.

Cha maana kiko mwishoni. Jumatano ya wiki ijayo mafundi cherehani wa korido hii watashindanishwa. Mshindi ataazimwa kwa mwaka mzima kibanda cha kupima mwili na meza inayokata kitambaa yenyewe.

Yenyewe! Lazima niipate. Sababu naiandika hapa tu, kwa kalamu nene, nikiruka mstari mmoja kila mara: sioni tena alama ya chaki. Mwezi uliopita nilikata bega la kushoto la koti mara mbili, la kulia sikuligusa. Wateja nawaambia namba za futi yangu zimefutika kwa uzee, ndiyo maana napima kwa kidole gumba. Uongo. Namba zipo.

Nikishindwa kukata, nafunga duka. Nikifunga duka, sijui nitakuwa nani katika mji huu. Nilivuka mpaka miaka thelathini na nne iliyopita nikiwa na mkasi, futi, na kitabu kimoja kisicho na jalada. Kitabu nimekimaliza mara nyingi. Mkasi na futi bado.

Mpinzani ni mmoja, fundi wa mlango unaotazamana na wangu. Tunamwita Milimita kwa sababu hawezi kutaja kitu bila kutaja milimita zake. Yeye ananiita Profesa, na si kwa heshima. Miaka miwili iliyopita alitundika kioo kirefu nje ya mlango wake, kimeelekezwa mezani kwangu. Kunichungulia! Leo alipokwenda kunywa chai nimekigeuza kikatazama ukuta.

Vita nimevianza vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kwenda Kituoni kwa siri, niizoee mashine kabla Milimita hajaigusa. Mke wangu aliuliza naenda wapi na koti la sikukuu. Nikamwambia naenda kupima, asimwambie mtu. Akasema haya.

Mhandisi wa Kituo ni mwanamke mwenye sauti ya upole. Alinisalimia shikamoo kabla sijafika mlangoni, akaniita mzee wangu, akaniingiza kibandani. Simama wima, usipumue kwa nguvu. Taa ikanizunguka mara moja. Karatasi ikatoka, akanisomea. Urefu: mia moja sitini na nane.

Nikamwambia mashine ni mbovu. Siku ile nilipofika nchi hii, mezani kwa yule karani wa kuandikisha wageni, niliandikwa mia moja sabini na mbili. Kadi ninayo hadi leo. Mhandisi akaleta fimbo ya chuma akanipima tena. Fimbo nayo mbovu. Nimerudi kwa miguu nikiwaza sentimita nne zangu zimebaki wapi. Hazikubaki kule, kule niliondoka nazo.

Kabla ya kuondoka aliniambia nibonyeze kitufe cha kuanzisha kazi mpya. Vitufe vilikuwa viwili, vyote ukungu. Nilibonyeza cha kushoto. Kilikuwa cha kufuta. Kazi ya asubuhi nzima ya fundi viatu, soli kumi na mbili alizozipima kwa mwanga, ikayeyuka. Fundi viatu alikaa kwenye ndoo akanitazama. Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Sina miwani.

Jambo jingine. Ule mwanga wa saa tisa haukuja leo. Miaka hii miwili, kila mchana, umekuwa ukiangukia meza yangu ya kukatia kama ulivyoangukia meza ya baba, kule, kupitia dirisha lake pana. Nilidhani umenifuata. Labda majira yamebadilika.

Alhamisi, 6 Machi

Korido imekuwa laini ghafla. Fundi viatu kanisamehe soli zake bila kuombwa. Mama Vifungo, anayeuza vifungo na zipu mlango wa kona, alikuja na supu. Alikaa. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nilikwenda kupima.

Jasusi wa Milimita! Nikamjibu kwa utulivu kwamba ni kweli.

Akauliza majibu lini. Nikasema Jumatano.

Akauliza moyo wangu unaniambiaje. Nikamwambia moyo wangu umeshajua, na kuna watu katika korido hii watalia. Akaanza kulia hapo hapo. Nikamwonea huruma Milimita, kuwa na jasusi mwepesi namna hii.

Supu ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Milimita amekuja mwenyewe! Kavua kofia. Kaka, akasema, kama kuna mahali nilikukosea, hata milimita moja, nisamehe. Nikauliza kuhusu kioo. Akasema amekikuta kimegeuzwa na ameelewa. Kama mwanga unanisumbua sasa hivi, kibaki hivyo hivyo. Mwanga gani? Maneno ya mafumbo. Kisha akasema Jumatano atajitoa. Mashine niichukue mimi, nifurahi nayo kwa muda utakaokuwapo.

Nimemchunguza mchana kutwa kutafuta mtego. Sijauona. Lakini siku hizi kuna vingi sivioni.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa nimeuona. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa tangu zamani, alikuja kuharakisha koti lake la kijivu. Aliomba limalizike kabla. Kabla ya nini, nikauliza. Akatazama sakafu. Akasema mimi ni mtu wa kusoma, najua kwamba sote ni wapitaji.

Nikafunga duka nikaenda moja kwa moja kwa mke wangu. Akaeleza vizuri tu. Mama Vifungo alimuuliza mzee yuko wapi, naye akajibu amekwenda kupima, na kasema asiambiwe mtu. Halafu akaisikia sentensi yake mwenyewe. Alicheka mpaka akakalia meza ya pasi, na pasi ilikuwa imewaka. Aliruka. Akaniambia, mwanamume wewe, nenda kawaambie watu ukweli leo hii.

Nitawaambia. Jumatano jioni. Milimita akishajitoa rasmi.

Sikulala vizuri mchana. Koti la mwalimu nimelianza. Wapitaji, alisema. Nimepita mara moja tu maishani, na nilidhani ilitosha.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mazoezi. Kikohozi kwanza. Mke wangu anasema nakohoa kama mbuzi anayedai haki. Nimepunguza.

Kisha vitufe. Siku ya shindano fundi atampima mtu kwa mkono, aingize namba kwenye skrini, meza ikate. Namba za skrini sitaziona, lakini nina akili. Nimechukua kikokotoo cha mke wangu nikafumba macho, nikajifunza mahali pa kila namba kwa kidole. Saba, nane, tisa juu. Moja, mbili, tatu chini. Kufika adhuhuri nilikuwa sikosei hata moja. Ushindi wa akili dhidi ya macho!

Nilikwenda dukani mara moja kuchukua uzi. Meza ilikuwa giza saa tisa. Niliushika ukingo wake pale ambapo mwanga huwa unaanzia.

Jumatano, 12 Machi

Naandika yote kwa mpangilio, maana nataka yasomeke.

Korido nzima ilikuja Kituoni, wamevaa kama watu wanaokwenda hospitali kumwona mgonjwa. Mama Vifungo alikuwa na chupa ya chai. Milimita akasimama akatangaza anajitoa. Nikakohoa kidogo, kwa shukrani.

Mhandisi akafunga daftari lake. Akasema kwa upole uleule kwamba basi hakuna shindano. Kituo kinalinganisha. Jaribio la fundi mmoja si jaribio, mzee wangu. Mashine zitapelekwa kwa maseremala mtaa wa pili.

Niliiona meza ikiondoka. Hiyo niliiona vizuri. Nikasimama nikasema kwa sauti mimi ni mzima, nilikwenda kupima koti, sijawahi kuumwa hata kidogo.

Mama Vifungo akauliza, hata kile kikohozi? Nikasema hata kikohozi. Akaichukua chupa yake ya chai kutoka mikononi mwangu.

Milimita alinitazama kwa muda wa kutosha kushona kifungo na kukata uzi. Akasema tu: Profesa, nilikuomba msamaha mpaka kwa mambo ambayo sikuyafanya. Kisha akavua koti akaingia kwenye shindano.

Mtu wa kupimwa alikuwa mlinzi wa Kituo, pande la mtu, ambaye kibanda kilishampima mapema. Nilimpima kwa kidole gumba nikitaja namba kwa sauti, na Mhandisi akiandika pembeni. Kifua mia na nane. Kiuno tisini na sita. Mkono sitini na nne. Kisha nikaenda kwenye skrini, nikatazama mbele kama mpiga kinanda, nikabonyeza. Mashine ikauliza kitu. Nikabonyeza kulia.

Meza ikaanza kukata. Haikuacha. Ilimaliza kitambaa chote cha mezani ikalia kuomba kingine.

Mhandisi akasoma nilichoingiza. Kifua, sentimita mia saba na mbili. Kiuno, thelathini na sita. Fundi viatu akauliza kwa adabu kama ni koti la mlinzi au la godauni. Kumbe skrini yao imepangwa kama simu: moja, mbili, tatu ziko juu! Mkono peke yake ulitoka sawasawa, kwa kuwa sita na nne zinakaa palepale kote kuwili.

Milimita akashinda. Hakushangilia. Alikwenda kwa Mhandisi akamwomba alinganishe na zile namba nilizozitaja kwa mdomo. Mhandisi akalinganisha. Zangu zilikuwa karibu zaidi na za kibanda kuliko za Milimita, kifua, kiuno, mkono, vyote. Akazisoma mara mbili.

Ndipo Milimita akasema mbele ya wote. Huyu mtu haoni. Najua mwaka wa pili huu. Alikuwa akija mlangoni kutunga uzi kwenye sindano juani, akijifanya anatazama wapita njia. Ndiyo maana nilitundika kile kioo, kimrushie mwanga mezani saa tisa jua likiingia koridoni. Wiki iliyopita akakigeuza ukutani. Nikadhani ni ugonjwa.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Nimeandika hapa sentensi moja kuhusu dirisha la baba, nimeifuta.

Mhandisi ameamua hivi: mashine zinaazimwa kwa maduka mawili kwa pamoja. Mimi nipime na nimalizie kwa mkono, Milimita aingize namba. Kwa sharti moja. Meza ile ina kisu, na kila anayeisogelea lazima aone. Mzee wangu, akasema, nataka cheti cha daktari wa macho kabla ya Jumatatu kwisha. Bila cheti, zinakwenda kwa maseremala.

Jumamosi, 15 Machi

Milimita amekirudisha kioo. Saa tisa mwanga ukaja. Ulianzia pale pale ukingoni, ukapanda juu ya koti la mwalimu, ukafika kwenye mkasi. Niliuwekea mkono juu mpaka ulipoondoka. Nadhani baba alikuwa na urefu wa mia moja sitini na nane.

Lakini kioo amekitundika vibaya. Kimepinda kama milimita nne kushoto. Nitamwambia. Yeye wa kusema na watu kuhusu vipimo!

Mama Vifungo, ambaye ameanza tena kunisalimia kwa kichwa, aliuliza kwa nini Jumatatu nitafunga duka. Nikamwambia naenda kupima. Akaniambia, baba, safari hii sikuletei hata maji.

Sasa suala la cheti. Mke wangu anashikilia kwamba mtu huenda kwa daktari wa macho apewe miwani. Sivyo. Cheti ni mtihani, na mtihani ni wa kufaulu. Jana nilimtuma kliniki ajifanye anauliza saa za kufungua, anakili ule ubao wa herufi uliotundikwa ukutani. Alikwenda akinung'unika, akarudi nao wote, mistari minane. Amenisomea asubuhi nzima. Aliniuliza kama nimejifunza chochote wiki hii, na nikamjibu kwamba nimejifunza sana.

Nimeukariri ubao wote, kutoka juu kwenda chini. Na kwa tahadhari, kutoka chini kwenda juu pia, isije ikawa nao wameupanga kama simu.