Shingo Yangu na Watu wa Bima

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimegongwa! Alhamdulillahi.

Hamriya, hapa Maskati, mbele ya duka la viungo, saa nne asubuhi. Nimetoka na troli, Robinah msaidizi wangu nyuma kabeba mchele. Gari ndogo nyeupe ikarudi nyuma bila hata honi. Ikagonga troli, troli likanigonga kifundo cha mguu, mie nikakaa kitako juu ya gunia la vitunguu la watu. Vitunguu vizima. Mie ndo si mzima.

Aliyegonga ni msichana, Nawar, mwalimu wa chekechea, kwao Wadi Kabir. Kashuka analia kunishinda mie. Nikaona huruma, nikaanza kumbembeleza. Kisha nikamkumbuka Balqees.

Balqees ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mwaka jana alivunjika kidole. Kidole! Bima ikamlipa, na mpaka leo kila akinimiminia kahawa anakinyoosha nikione. Basi nikashika shingo. Nikapiga ukelele. Robinah kauliza kwa sauti, mbele za watu, "Mama, si ni mguu?" Nikamwambia mguu na shingo vyote vyangu, anyamaze.

Polisi kaja, kaandika: kosa la Nawar. Na bima ya Nawar ya kampuni gani? Ya Maan! Mwanangu Maan, idara ya fidia, tai kila siku. Miezi yake mitatu ya majaribio inaisha Jumapili ijayo, ndipo wampe barua ya kazi ya kudumu au wamwambie kwaheri. Sasa kapata faili zito kutoka kwa mama yake mwenyewe. Mama gani mwengine Maskati hii kamfanyia mwanawe hivyo?

Jumatatu, 13 Januari

Maan hakufurahi. Watoto wa siku hizi!

Kanikalisha, kanifundisha. Mie niliishia darasa la sita Unguja, yeye ana shahada ya sheria, kwa hiyo nimemsikiliza kwa heshima kama dakika mbili. Kasema bima ya aliyegonga ndiyo inayomlipa aliyeumia. Polisi anasema kosa la nani, daktari anasema kimeumia nini, na kila kiungo kina kipimo chake cha fidia. Ukelele hauna kipimo. Na mtu akidai jeraha asilokuwa nalo, hiyo ni kesi.

Nikamuuliza shingo inazidi kidole mara ngapi.

Kafunika uso kwa mikono miwili. Kasema wakiona jina la mama yake juu ya shingo ya uongo, watadhani tumepanga wawili, na barua hataiona. Nikamjibu shingo inauma kweli. Wallahi, nilivyokwisha kuisema mara nyingi, ilishaanza kuuma.

Kaenda kazini bila ya kunibusu kichwa. Kasahau tu. Ana mambo mengi, mtu mkubwa.

Jumanne, 14 Januari

Hospitali. Saa tatu za kusubiri, dakika nne za daktari. Kifundo kimeteguka kidogo, wiki moja kitapoa. Shingo imepigwa picha, safi. Nikamwambia picha haioni kila kitu. Kaandika, "Mgonjwa anasema shingo inamuuma." Anasema! Kama vile mie msema ovyo.

Nimenunua kola ya shingo duka la dawa. Zimebaki za wanaume tu. Mtandio haukai, kidevu kiko juu kama ngamia anayetafuta maji. Nikenda nayo kwa Balqees makusudi. Kaizunguka, kaitazama mbele na nyuma, kasema, "Bibi wee, imekupendeza! Imekuficha kidevu cha pili." Hasidi. Nimekula halua yake robo tatu tu, nikaondoka nimenuna.

Jumatano, 15 Januari

Nawar kaja kunitazama na kikapu cha matunda. Kakonda kwa siku tatu, maskini. Kasema hajathubutu kushika usukani tena. Moyo ukaniuma. Nikamlisha mpaka akacheka, nikamfungia na biriani ya kwenda nayo kwao.

Alipotoka, Robinah kaniuliza kama shingo imepona. Nikamuuliza kwa nini. Kasema nimeingiza kichwa kabatini chini mara tatu kutafuta kopo lenye mfuniko wake.

Msichana ana macho huyu. Siku nyengine nitamtuma sokoni.

Alhamisi, 16 Januari

Siku nyeusi.

Maan kaliacha faili langu, kapewa mwenzake, binti anaitwa Ibtihal. Kaja nyumbani kunikagua, saa tisa mchana. Mtoto mpole, kanibusu kichwa, kaniita khalti, kama dada wa mama yake. Nilishamwita na Balqees aje kuwa shahidi wa mateso yangu. Kaja kwa umbea wake, lakini kaja.

Ibtihal kaniomba nigeuke kulia kidogo. Siwezi. Kushoto? Siwezi, mwanangu. Nimetazama mbele kama picha ya pasipoti. Kamuuliza Balqees kama ndivyo ninavyokaa. Balqees kasema, "Huyu? Tangu Jumapili hata kusengenya anasengenya kwa upande mmoja." Nilitaka kumbusu. Ibtihal kaandika, kaandika, anakaribia kufunga faili.

Ikaadhiniwa alasiri.

Mgeni wangu hasali peke yake chumba cha nyuma. Tukatandika misala ukumbini, mitatu: Ibtihal kulia, Balqees kushoto, mie katikati juu ya kiti kwa ajili ya mguu. Kola shingoni. Nikasali kwa utulivu, na kwenye sijida ya mwisho nikamwombea Maan barua yake. Nikaomba sana, wenzangu wakanitangulia kumaliza.

Kisha nikatoa salamu. Sasa nifanye nini? Tangu nna miaka saba sijawahi kutoa salamu nusu. Kampuni ni kampuni, lakini sala ni sala! Nikageuka kulia, shingo nzima mpaka begani. Kola ikafanya kraaa, ikafunguka. Nikakutana na macho ya Ibtihal. Nikageuka kushoto. Macho ya Balqees. Kola iko mapajani.

Ibtihal kaniombea sala ipokelewe: "Taqabbal Allah, khalti."

Balqees kaingiza mtandio mdomoni, mabega yanamtetemeka.

Ilikuwa iko ncha ya ulimi kusema ni muujiza. Lakini nimekaa mbele ya msala. Nikasema, "Shingo tuiache, mwanangu. Andika mguu." Kanipa karatasi, nimetia saini kwamba dai la shingo nimelifuta. Nikamuuliza, na Maan wangu? Kasema hilo la mkuu, Jumapili.

Jumamosi, 18 Januari

Jana sikuandika. Sikupika. Maan kala mikate ya dukani. Mie nilikuwa naitazama ile tai yake kwenye msumari.

Jumapili, 19 Januari

Kapata! Barua ya kudumu, muhuri, saini mbili!

Kisha nikauliza vipi. Ikawa hivi. Jumatatu ile, siku ya pili tu ya ajali, Maan alimwandikia mkuu wake: mdai ni mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi nisiliguse faili hili, na naomba shingo yake ikaguliwe kwa makini.

Kwa makini! Kaniripoti! Tumbo lililomzaa!

Nimelia. Nikamwambia anisomee hiyo barua aliyoandika. Nikamwambia arudie. Nikaichukua nikaisoma mwenyewe mara ya tatu. Mashallah, imenyooka, hata nukta haikukosekana. Mkuu wake kasema mtu anayeweza kumkagua mama yake atamkagua yeyote.

Nikavaa viatu, mguu utajijua wenyewe, nikenda mbio kwa Balqees. Nikamwambia mwanangu mwaminifu kiasi cha kunishitaki mie, na wake je, Amur, angeweza? Balqees kanimiminia kahawa, safari hii kidole kakikunja. Amur hata simu hampigii.

Niliporudi Maan kanibusu kichwa. Kaniapisha nisidai tena kitu kwenye kampuni yake. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumatano, 22 Januari

Jana karamu ya barua. Watu thelathini, keki ya ghorofa mbili kutoka duka moja Madinat Sultan Qaboos. Ndani ya keki, kipande cha ganda la lozi. Jino langu la nyuma, kule kushoto, limekatika! Lilikuwa bovu tangu Ramadhani, lakini keki ilijuaje?

Nimefungua kitabu cha Maan cha vipimo vya fidia, kakisahau mezani. Jino lina ukurasa wake peke yake. Na duka la keki nshapiga simu kuuliza: bima yao kampuni nyengine kabisa.

Nimekwenda chumbani kwa Robinah kumweleza atakavyosema akiwa shahidi. Nimemkuta anafunga mizigo. Kasema amekumbuka ana harusi kwao Uganda.